Kadiri ya Kinachotosha

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuzuia kompyuta na televisheni kuingizwa nchini, na ingawa wengi katika walio hai leo hawaikumbuki amri hiyo, na vijana wakisimuliwa huidhania kuwa ni ngano, mimi huiwekea heshima kwa sababu moja: kwamba taifa zima, likiwa changa na lenye uhaba wa fedha za kigeni, lilisimama mbele ya mashine likajiuliza kama ile mashine ni haja au ni anasa. Jibu lililotolewa lilikuwa kali kupita kiasi. Wizara ya Fedha ilikuwa imekwisha kufunga kompyuta katika miaka ya 1960, ikaona hasara na taabu zake, na hofu ya hasara ile ilisaidia kuufunga mlango kwa wote. Tanzania Bara ikakaa bila ya kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Walakini ukali wa jibu hauliondolei swali haki yake, na swali ambalo zamani serikali ilimjibia kila mtu, leo kila mtu huachiwa alijibu peke yake, akisimama mbele ya kabati la kioo la mwenye duka, fedha yake ikiwa chache mkononi na hamu yake ikiwa nyingi moyoni.

Nimelikumbuka hili kwa ajili ya mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ambaye ni fundi simu na amepanga chumba kimoja Mbagala Rangi Tatu. Ijumaa moja baada ya sala alinijia nyumbani Chang'ombe, akaniamkia, akakaa kimya kitambo kama akaavyo mtu mwenye ombi zito, kisha akasema, "Mjomba, zamu yangu ya mchezo imefika. Nataka kununua kadi ya grafiki, lakini sitaki niende peke yangu nikaja kujuta. Naomba twende wote Kariakoo."

Msomaji asiyekaa Dar es Salaam hana budi aelezwe kwamba katika mji huu neno mchezo hubeba maana mbili zilizo mbali kama mashariki na magharibi. Mchezo ni huo wa kujifurahisha, na mchezo pia ni upatu, yaani watu wachache wanaoaminiana hutoa fedha sawasawa kila mwezi na kumpa mmoja wao jumla yake, mpaka zamu iwazungukie wote. Upatu wa mpwa wangu ulikuwa wa watu 12, kila mmoja akitoa shilingi 100,000, na yeye kwa hiari yake alichukua zamu ya mwisho, kwa hivyo alikuwa amecheza mchezo mwaka mzima ili apate shilingi 1,200,000 za kuchezea mchezo. Sikuliona jambo hilo kuwa la kuchekesha. Mtu anayeweza kungoja zamu ya kumi na mbili, akiwatazama wenzake kumi na mmoja wakipokea mbele yake, ana subira ambayo wengi wetu tunaihubiri pasipo kuwa nayo, na mtu wa namna hiyo anastahili kujibiwa kwa makini.

Swali la kwanza lilikuwa kama kujifurahisha kwa kompyuta ni jambo lenye kustahili jasho la mwaka mzima la kijana mwenye pato dogo. Wapo watu wema, na baadhi yao ni masheikh ninaowapenda, ambao mchezo ukitajwa huona papo hapo upuuzi na upotevu wa wakati. Nami siwabishii kwamba wapo vijana wanaocheza hata sala ya alfajiri ikawapita na kazi ikawatupa. Lakini sheria ina wasaa kuliko vifua vyetu. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba siku ya Idi watu wa Habasha, majirani zetu wa upande huu wa bahari, walikuwa wakicheza kwa mikuki na ngao ndani ya msikiti wa Mtume huko Madina, na yeye, rehema na amani zimshukie, alimsitiri Bibi Aisha nyuma yake apate kutazama, wala hakumharakisha, mpaka alipochoka mwenyewe ndipo akamuuliza kama imemtosha, naye akajibu kuwa imemtosha. Na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika Ihya kwamba mtoto atokapo chuoni aachiwe acheze mchezo mwema, maana kumkataza mchezo na kumlemeza masomo daima huua moyo wake. Mpwa wangu si mtoto, lakini fundi anayeinamia simu za watu tangu asubuhi mpaka magharibi, akishika kwa koleo vitu vidogo kuliko punje ya mtama, naye ana moyo unaoweza kuuawa na kazi. Nikaridhia kwamba mchezo wake ni halali na ni haja. Lililobaki moyoni mwangu katika hadithi ile halikuwa ruhusa ya kutazama, bali swali la mwisho: kama imetosha. Kutosha, basi, ni jambo linaloulizwa, na linaloulizwa huwa lina jibu.

Wanachuoni wa misingi ya sheria, tangu Ghazali huyo hata Shatibi wa Andalusia aliyefariki mwaka 1388, waliyagawa maslahi ya binadamu katika daraja tatu, yaani dharura ambayo ikikosekana maisha huharibika, haja ambayo ikikosekana maisha huwa na dhiki, na pambo ambalo likikosekana maisha hupungua uzuri tu. Watu hulidhani gawanyo hili kuwa ni orodha ya vitu, mkate huku na pete kule. Mimi naliona kuwa ni kipimo kinachopita ndani ya kitu kimoja. Maji ya kunywa, ya kuoga na ya kumwagilia maua ni maji yale yale ya bomba moja. Vivyo hivyo kadi ya grafiki: sehemu ya nguvu zake ni haja, sehemu ni pambo, na sehemu nyingine, kama mnunuzi hakuangalia, si haja wala si pambo, kwa kuwa hakuna jicho litakaloiona.

Hayo nayasema kwa hesabu. Kadi ya grafiki ni kibao chenye ubongo wake, feni zake na kumbukumbu yake, kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili kiifanyie kazi moja ya kuchora picha upesi. Kioo cha mpwa wangu kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, ambazo jumla yake ni 2,073,600, na kioo hicho hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde. Kwa hivyo kadi hutakiwa kupaka rangi nukta zaidi ya milioni 124 katika kila sekunde moja, na kioo kile hakiwezi kuonyesha zaidi ya hizo. Vioo vikubwa viitwavyo 4K vina nukta 8,294,400, mara nne kamili, na kadi za kifahari hutengenezwa kwa ajili ya vioo vya namna hiyo. Kubwa mno katika kadi za michezo za nyumba ya NVIDIA ni RTX 5090, iliyotoka Januari 2025 kwa bei ya dola 1,999, ambazo kwa kadiri ya shilingi 2,500 kwa dola ni kama shilingi milioni 5, nauli na ushuru havijahesabiwa. Hiyo mpwa wangu hakuiota. Aliyoiota ni RTX 3080, iliyotangazwa Septemba 2020 kwa dola 699, ambayo sasa hupatikana ikiwa imetumika, na muuzaji mmoja alikuwa amemwambia kuwa atampa kwa shilingi 1,100,000. Chini yake palikuwa na kadi nyingine aliyoitaja kwa sauti ndogo, kama mtu atajaye ndugu yake asiyesoma: RX 6600 ya AMD, ya mwaka 2021, yenye gigabaiti 8 za kumbukumbu, iliyotengenezwa mahsusi kwa kioo cha nukta kama zake.

Nikamuuliza, "Ukiifunga ile kubwa, nguvu itakayozidi itakwenda wapi, maadamu kioo hakina nukta za kuipokea?" Alifikiri, kisha akanijibu kwa unyofu ulionifanya nimpende zaidi. "Itakuwepo tu, mjomba. Nitajua ipo."

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kinachotakiwa na jicho kina mpaka, nao hupimika kwa nukta na sekunde. Kinachotakiwa na nafsi, ambayo hutaka kujua kuwa ipo, hakina mpaka, kwa sababu juu ya kila kadi ipo kadi, na mwakani itatoka nyingine. Lugha yetu imerithi maneno mawili ya Kiarabu kwa kosa hili, na ni hasara kwamba tumeyachanganya. Israfu ni kupita kiasi katika jambo ambalo asili yake ni halali, kama mtu anayetawadha kwa ndoo tatu. Ubadhirifu ni kuitia mali mahali pasipo haki yake, kama mtu anayetoa ada ya shule ya mwanawe akaitunza ngoma. Magazeti siku hizi hulitumia neno ubadhirifu kwa fedha ya umma peke yake, kana kwamba mtu hawezi kuibadhiri fedha yake mwenyewe; na kumbe yule anayenunua kadi kubwa kuliko kioo chake ana israfu, na yule anayeinunua kwa kodi ya chumba au kwa dawa ya mama yake ana ubadhirifu, na makosa hayo mawili hayatibiwi kwa dawa moja. Ipo tena kalima ya tatu, kukinai, ambayo wahenga waliitumia kwa kuridhika na kichache, nasi leo twasema chakula kimenikinai tukiwa na maana kuwa kimetuchosha kwa wingi wake. Siamini kuwa maana hizi mbili zimekutana kwa bahati. Anayekinai mapema huridhika. Anayechelewa kukinai hukinaishwa.

Kama jambo lingekuwa baina ya mtu na nafsi yake tu, ningeliachia hapo, kwa kuwa israfu ya mtu katika chumba chake ni hesabu yake na Mola wake. Lakini mpwa wangu hakai peke yake, na hakuna ajuaye uswahili wa Mbagala au Tandika au Mwananyamala asiyejua ninachotaka kusema. Nyumba aliyopanga ina vyumba sita na mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Umeme hununuliwa kwa mchango: kila chumba hutoa fedha kwa kadiri ya vyombo vyake, mwenye taa na simu kidogo, mwenye feni na pasi zaidi, mwenye jokofu zaidi ya hao, na makadirio hayo hufanywa kwa macho na kwa kusikilizana, wala hapana kinachoyalinda isipokuwa haya ya watu mbele ya wenzao. Chumba cha mbele anakaa mama mmoja mwenye jokofu kuukuu ambaye riziki yake ni barafu za ukwaju. Huchemsha ukwaju usiku, huuchuja, huufunga katika vifuko vidogo kimoja kimoja kwa vidole vilivyokwisha kuwa vyeusi kwa ukwaju wenyewe, na alfajiri watoto wa shule humpitia. Hata kabla ya kadi yoyote, usiku mmoja uniti ziliisha saa nne, zamu ya kununua ikawa ya mtu aliyesafiri, na asubuhi yule mama alifungua jokofu akakuta maji.

Sasa tufanye hesabu tena. Wati 1,000 zikitumika saa moja ni uniti moja. RTX 3080 hula wati 320 ikikimbia kwa nguvu zake zote, na kompyuta iliyobaki pamoja na kioo tuiwekee wati 120. Kijana akicheza saa 4 kila usiku kwa siku 30, zitakwenda karibu uniti 53. RX 6600 hula wati 132, na kwa mwendo huo huo jumla itakuwa kama uniti 30. Ile RTX 5090, ambayo hula wati 575, ingemaliza uniti 69 peke yake kabla ya kuhesabiwa kitu kingine chochote. Na mteja mdogo wa TANESCO, shirika la umeme, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi huuziwa umeme kwa bei nafuu, kisha kinachozidi hapo hulipiwa kwa bei iliyo juu mara kadhaa, maana yake ni kwamba katika nyumba ya mita moja anayeusukuma mpaka ule hasukumi hesabu yake tu, anasukuma na ya mama wa ukwaju, ambaye hajui kadi ni kitu gani na wala hakuulizwa. Kompyuta, kwa macho ya wapangaji, ni chombo kidogo kisicho na sauti kama televisheni. Mchango wake hukadiriwa kama wa televisheni. Kijana anayejua kuwa chombo chake kinakula zaidi ya jokofu, akanyamaza, akatoa mchango wa televisheni, amekula haki ya jirani kila usiku kwa muda wa saa nne, na sala zake zote hazitaigeuza haki ile kuwa yake.

Nilipomwambia hayo alishtuka, nami nilishtuka zaidi kuona kuwa hesabu ya wati alikuwa akiijua kuliko mimi, ila hakuwahi kuipeleka mlangoni kwa jirani. Elimu nyingi ya siku zetu iko hivyo. Imejaa kichwani, miguu haina.

Katika daladala ya kwenda Kariakoo, tukiwa tumebanwa wima, aliniuliza swali ambalo nilikuwa nalingoja kwa hofu. "Mjomba, mbona wa Masaki hawaambiwi wakinai? Wao wananunua wanachotaka, na mita ni zao. Kutosha ni kwa maskini tu?" Mtu mwingine angemkemea. Mimi naona ni swali la haki, kwa kuwa mahubiri ya kinaa yametumika mara nyingi na wenye shibe kuwanyamazisha wenye njaa, na mwenye kuwaambia fukara waridhike, hali yeye hajapata kukosa, ameiba neno takatifu akalifanya kufuli. Nikamjibu kwamba kipimo ninachompa si kipimo cha mfuko. Tajiri wa Masaki akinunua kadi ya milioni tano akaifunga kwenye kioo cha nukta milioni mbili, ana israfu ile ile, na mbele ya haki israfu yake ni kubwa zaidi, kwa kuwa kilichozidi kwake kingeweza kumfaa mtu. Na fukara wa Mbagala mwenye kioo cha 4K anachokitumia kuchorea ramani za majengo kwa ujira, akijinyima hata akapata kadi kubwa, hana israfu hata chembe. Kadiri hutoka katika kazi ya kitu. Umaskini hauipunguzi wala utajiri hauiongezi, ila umaskini humfanya mtu aione mapema, na hilo, japo si tunu ambayo ningemwombea mtu, ni jambo la kweli. Alinyamaza, sijui kama aliridhika. Na kwamba wengine wana mita zao na wengine hawana ni dhulma nyingine yenye mlango wake, ambayo haifutwi na kinaa yetu wala haitupi ruhusa ya kumdhulumu mama wa ukwaju.

Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, watu waliobebeshwa mizigo ya ugomvi usiokuwa wao, ulikuwa umejaa kama desturi. Muuzaji wa ile RTX 3080 alitupokea vyema, akaita "karibu mzee," akatoa kadi katika mfuko wa rangi ya fedha. Ilikuwa imefutwa vumbi ikang'aa. Mpwa wangu aliigeuza taratibu kwenye mwanga wa mlango, na hapo nikaona ufundi wake: alitazama vichwa vya skrubu, akanionyesha kwa ukucha kuwa viwili vimechunika, alama ya kuwa imekwisha kufunguliwa, akapitisha kidole pembeni mwa kibao kikatoka na mafuta mepesi, yale yanayovuja katika vipande laini vya kupitishia joto vikikaa motoni kwa muda mrefu, akazungusha feni moja kwa kidole, ikazunguka kwa mkwaruzo mdogo na kusimama kabla ya wakati. Akaniangalia. Nikaelewa kuwa kadi hii nayo ilikuwa mpagazi.

Wengi hawajui historia ya bidhaa hizi. Kwa miaka kadhaa kadi kubwa zilinunuliwa kwa makumi na mamia na watu waliokuwa wakichimba fedha za mtandaoni za Ethereum, zikawashwa usiku na mchana bila kupumzika ndani ya maghala ya joto. Na tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ilipobadili utaratibu wake, uchimbaji huo wa kadi ukakoma kwa siku moja, na kadi zisizo na kazi zikamwagika katika masoko ya dunia. Si zote zilizoharibika, na fundi mwaminifu atakwambia kuwa baadhi yake huishi miaka. Lakini mnunuzi ana haki ya kujua. Nikamuuliza muuzaji kwa upole ilifanya kazi gani huko ilikotoka. Akasema, "Mzee, imetoka Dubai. Mimi sijui ilikuwa inafanya nini, mimi nauza tu kama ilivyo."

Neno hili "kama ilivyo" lina mjadala mrefu katika fikihi. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya pwani yetu, na katika Minhaj ya Imamu Nawawi aliyefariki mwaka 1277, kitabu kilichofundishwa katika vyuo vyetu vizazi kwa vizazi, muuzaji anayejitoa katika dhima ya kila aibu ya bidhaa hasalimiki, isipokuwa kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Sababu iliyotolewa ni ya hekima: mnyama hula katika uzima na katika ugonjwa, na hali yake hugeuka, kwa hivyo ni nadra kuwa hana ila iliyofichika. Nilipokuwa nimesimama mbele ya kabati lile nilijiuliza kadi ya grafiki iko upande gani, wa bidhaa nyingine kama nguo au wa mnyama. Nayo hula, umeme, katika uzima na katika ugonjwa. Nayo hugeuka kwa joto. Nayo yaweza kuchora vizuri leo na kufa kesho. Karibu nimpe muuzaji udhuru wa mwenye ng'ombe. Kilichonizuia ni kwamba ng'ombe hana skrubu zilizochunika, wala haachi mafuta kidoleni, wala hawezi kuwashwa nusu saa mbele ya mashahidi likasomwa joto lake kwa nambari. Muuzaji aliyeifuta vumbi ile kadi aliyaona mafuta yale. Alichokuwa nacho hakikuwa kutojua, bali kukataa kujua, nayo ni aibu ya pili juu ya ile ya kwanza. Na Waswahili hawakukosea walipolichukua neno la mafakihi lenye maana ya ila ya bidhaa wakalifanya kuwa jina la fedheha ya mtu. Kila mwenye kuuza vitu vilivyotumika aikumbuke hadithi ya mwenye chungu ya nafaka, ambaye Mtume aliingiza mkono ndani yake akakuta unyevu, na alipotoa udhuru wa mvua aliulizwa kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa watu wakaiona. Hakulaumiwa kwa mvua.

Tuliomba iwashwe nusu saa. Muuzaji akasema dakika tano zatosha, umeme ni wa duka. Mwenzake aliyekaa kando, akidhani tatizo letu ni fedha, akatutajia mkopo wa simu unaopatikana papo hapo, ile mikopo ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu, na kwa jina hilo nadhani hukumu yake imekwisha kutolewa na wanaoijua. Tukashukuru tukatoka. Mimi mwenyewe niliwahi zamani kununua jokofu lililofutwa vumbi vizuri namna ile, likakaa siku 9.

Katika duka la tatu, kwenye ngazi ya jengo moja, alikuwapo kijana aliyesema bila kuulizwa kuwa kadi aliyonayo, RX 6600, ilitoka katika kompyuta ya mtu aliyehama nchi, kwamba feni moja ameibadilisha yeye, na kwamba feni ile si ya asili. Akaionyesha. Akaiwasha nusu saa na zaidi, nasi tukakaa kwenye ngazi tukinywa maji, nambari ya joto ikapanda ikafika 68 ikatulia hapo. Bei yake ilikuwa shilingi 620,000, na hatukumshusha, kwa sababu mpwa wangu alininong'oneza kwamba ile habari ya feni ilikuwa na thamani yake.

Fedha iliyobaki mpwa wangu alitenga sehemu akamwita fundi umeme, akapata ruhusa ya mwenye nyumba, akafungiwa mita ndogo ya chumba chake peke yake, akawaeleza wapangaji wenzake ukumbini kompyuta yake inakula nini. Yule mama alimuuliza kama basi jokofu lake nalo lipimwe, wakakubaliana lipimwe mwezi unaofuata. Mwezi wa kwanza mita ndogo ilisoma uniti 31, naye akazilipa zote.